Kutembea, kufunga, joto, baridi au mboga chungu: msukosuko upi unaufaa mwili wako?

Anayeotesha miche ya nyanya anaijua kazi ya wiki ya mwisho kitaluni. Siku saba mpaka kumi kabla ya kuihamishia shambani unapunguza maji, unaondoa kivuli kidogo kidogo, na mchana unaikuta imelegea hadi unaingiwa na huruma. Usiihurumie. Mche uliokomazwa hivyo ukifika shambani unasimama, na ule uliodekezwa kivulini hadi siku ya mwisho unababuka kwa jua la siku ya kwanza. Ila ukizidisha, ukainyima maji kabisa kwa siku kadhaa, hutakuwa na miche ya kuhamisha.

Jambo hilihili linaonekana kwa viumbe wengi, kuanzia hamira hadi binadamu. Wanasayansi wanaliita homesisi: kero ndogo ya muda mfupi inaufanya mwili ujijenge kuliko ulivyokuwa, na kero hiyohiyo ikizidi inaubomoa. Siku hizi limeingia kwenye simu zetu kwa jina la "kuishi miaka mingi", na kila anayelizungumzia ana njia yake moja anayoinadi.

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu. Ana miaka 58, ana sukari na presha, na anameza vidonge vya yote mawili kila siku. "Mwanangu, wewe unasomasoma mambo haya. Kuna video wamenitumia kwenye kikundi cha WhatsApp. Nifunge siku tatu kwa maji tupu, au niwe naoga maji ya barafu? Wanasema mwili unazaliwa upya."

"Mama, chonde, usianze lolote mpaka nije tuongee," nikamwambia.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu wa kiume, miaka 29, mzima, anayenyanyua vyuma mara nne kwa wiki, akaniuliza karibu swali lilelile: aongeze kipi, kufunga au maji ya baridi? Swali moja, miili miwili. Ulinganisho huu niliuandika kwanza kwa ajili yao.

Seli inafanya nini ikichokozwa

Mwaka 1888 Hugo Schulz, mtaalamu wa dawa wa Chuo Kikuu cha Greifswald, Ujerumani, alieleza alichokiona alipotia sumu za kuulia vijidudu kwenye hamira. Vipimo vikubwa viliiua, kama mtu yeyote angetarajia. Vipimo vidogo sana viliifanya ichachuke kwa nguvu zaidi kuliko hamira isiyoguswa. Mwaka 1943 Chester Southam na John Ehrlich wa Chuo Kikuu cha Idaho, Marekani, wakaona mwenendo huohuo kwa kuvu iliyowekewa majimaji yaliyokamuliwa kwenye mti wa mwerezi. Hao ndio waliolipa jambo hili jina, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Sababu yake ilianza kufunuka kwa bahati. Mwanasayansi Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za nzi wa matunda, yaani zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, na siku moja joto la kabati alimowahifadhi likapandishwa bila yeye kukusudia. Kwenye hadubini akakuta kromosomu zimevimba mahali ambapo hazikuwa zimevimba jana yake. Jeni zilizokuwa zimelala zilikuwa zimeamka. Alichapisha habari hiyo mwaka 1962. Baadaye ikajulikana kwamba jeni hizo hutengeneza protini maalumu ambazo huzishika protini nyingine zisikunjamane vibaya wakati wa shida. Bakteria wanazo, mahindi yanazo, nasi tunazo.

Kuna minyoo wa maabara wenye urefu wa milimita 1 ambao maisha yao ni wiki mbili hadi tatu. Ukiwatia joto kwa saa chache kisha ukawarudisha mahali pao pa kawaida, wengi huishi kuwapita wenzao ambao hawakupata taabu yoyote. Ukiwaacha kwenye joto, wanakufa.

Mimi hulielewa hivi. Usiku mmoja mwizi anaingia kwa jirani, yowe linapigwa, mtaa mzima unaamka. Asubuhi kila nyumba inanunua kufuli na kufunga taa ya nje. Mwizi asiporudi, kufuli na taa vinabaki, na mtaa uko salama kuliko ulivyokuwa kabla ya yowe. Lakini wezi wakija kila usiku, watu hawalali, fedha zinaisha, na mwisho nyumba zinahamwa. Kinachojenga ni yowe pamoja na siku tulivu zinazofuata ambazo watu wanapata nafasi ya kwenda dukani kununua kufuli. Ukiondoa zile siku tulivu, hakuna kinachojengwa.

Mizani niliyotumia

Nilijiuliza maswali matatu kwa kila njia. Kwanza, ushahidi wake ulipima nini? Mnyoo kuishi zaidi, damu ya mtu kubadilika, na watu kufa kwa uchache ni mambo matatu tofauti kabisa. Pili, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote: kati ya kipimo kinachofaa na kipimo kinachodhuru pana nafasi kiasi gani? Kuna kero ambayo ukikosea kidogo unaamka na maumivu ya mapaja, na kuna ambayo ukikosea kidogo unabebwa kupelekwa hospitali. Tatu, utaweza kuifanya kwa miaka kumi, kwa kipato chako na mahali unapoishi?

Kutembea na mazoezi

Naanza hapa kwa sababu ndipo ushahidi ulipo mwingi na nafasi ya kukosea ni pana.

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha utafiti wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa kwenye usukani, makondakta walipanda na kushuka ngazi kutwa wakikusanya nauli. Walikuwa watu wa kazi moja na mji mmoja, lakini makondakta waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 2011 ukatoka utafiti wa Taiwan uliofuatilia watu zaidi ya 416,000. Waliofanya mazoezi ya wastani kwa dakika kama 15 tu kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 14 wakilinganishwa na wasiofanya chochote, na makadirio yalikuwa kwamba wanaishi miaka 3 zaidi. Ni kweli kwamba anayetembea huenda tayari ana afya kuliko asiyetembea, hivyo namba hizo zisichukuliwe kama ahadi. Lakini majaribio mengi ya kupanga watu kwa makundi yameonyesha mazoezi yakishusha presha na kusaidia sukari, na hilo linaipa nguvu picha nzima.

Wengi hawayahesabu mazoezi kuwa kero, ila mwili unayahesabu. Msuli ukifanya kazi unachoma oksijeni kwa wingi, na katika kuichoma hutoka radikali huru, zile chembe ambazo matangazo ya vidonge hututaka tuzipige vita. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwafanyisha mazoezi vijana karibu 40 kwa wiki 4. Nusu walipewa kila siku vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E uniti 400. Wasiomeza vidonge, miili yao ilianza kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, vizuri zaidi. Waliomeza, faida hiyo haikuonekana. Vidonge vilimziba jirani mdomo. Yowe halikusikika, na hakuna aliyenunua kufuli.

Hili halihusu chungwa wala embe, kuleni matunda. Linamhusu yule anayetoka mazoezini kila siku na kumeza vidonge vikali vya vitamini bila daktari kumwambia ana upungufu. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao.

Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Aliyekaa miaka bila kutembea aanze na dakika 10. Mwenye sukari avae viatu vinavyomkaa na akague nyayo zake kila jioni, kwa sababu anaweza kupata kidonda asikihisi. Anayebanwa kifua akipanda kilima amwone daktari kwanza.

Wakimbiaji wa Iten, Kenya, wanapata na kero ya pili. Wako karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ina oksijeni pungufu, na figo zao zinatoa homoni inayoamuru chembe nyekundu za damu ziongezeke. Kueleza jinsi seli zinavyohisi uhaba wa oksijeni ndiko kulikowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Na hata wakimbiaji hao, tunaowasifu kwa kasi, wana siku zao za kukimbia taratibu kabisa.

Kufunga

Hapa ndipo pana maneno mengi kuliko mahali pengine, na ndipo nilipotumia muda mrefu kusoma.

Chanzo ni kizuri. Mwaka 1935 Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula, huku wakipewa virutubisho vya kutosha, waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Tangu hapo jambo hilo limerudiwa kwa hamira, minyoo, nzi na panya wa kila namna.

Halafu yakaja yanayotuliza. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya kuwapunguzia chakula kwa asilimia 40 panya wa koo zipatazo 40 tofauti. Koo ambazo maisha yao yalifupishwa zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo maisha yao yalirefushwa. Kipimo kilikuwa kimoja. Damu ndizo zilizotofautiana. Kwa nyani aina ya rhesus, watafiti wa Wisconsin walitangaza mwaka 2009 kwamba waliopunguziwa chakula walikufa kwa uchache kutokana na maradhi ya uzee. Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani ikasema nyani wake hawakuishi zaidi. Moja ya tofauti kubwa ilikuwa chakula chenyewe: kule Wisconsin nyani wa kulinganishia walikula chakula chenye sukari nyingi kadiri walivyotaka. Ukimlinganisha anayekula kidogo na anayebugia sukari, bila shaka wa kwanza atashinda.

Kwa binadamu, jaribio linaloitwa CALERIE liliwachukua watu 218 wasio na unene uliokithiri. Lengo lilikuwa wale wa kundi la kujipunguzia wale chakula pungufu kwa asilimia 25 kwa miaka 2. Waliweza karibu asilimia 12, na hawa ni watu waliokuwa wakisaidiwa na wataalamu. Presha na kolesteroli vilishuka, jambo jema. Uimara wa mifupa nao ulishuka kidogo, jambo ambalo video hazilisemi. Urefu wa maisha haukupimwa, maana miaka 2 haiwezi kuupima.

Vipi kula ndani ya saa 8 na kufunga 16? Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya Guangzhou, China, kwa watu 139 wenye unene. Wote walipunguza chakula, nusu yao kwa kufuata saa. Baada ya mwaka, waliofuata saa hawakupungua uzito kuwapita wenzao kwa tofauti ya maana. Saa inamsaidia mtu kwa kuwa inamfungia jiko usiku. Kama unaweza kulifunga bila saa, hujakosa kitu.

Na yale maneno kwamba ikifika saa ya 16 "seli zinaanza kujisafisha"? Kazi iliyompa Yoshinori Ohsumi wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2016 ilikuwa hasa juu ya hamira: alionyesha jinsi seli yenye njaa inavyokusanya vipande vyake vilivyochakaa na kuvimeng'enya ivitumie tena. Ni ugunduzi mkubwa na wa kweli. Lakini saa maalumu ambayo kwa binadamu kazi hiyo huwaka kama swichi haijathibitishwa. Anayekutajia saa anaipamba.

Waliolelewa na Ramadhani wanajua kufunga kuliko mwalimu yeyote wa mtandaoni. Wanajua daku, wanajua alasiri inavyokuwa ndefu, na wanajua pia kwamba mtu anaweza kufunga mchana kutwa kisha futari ya mihogo ya nazi, tambi, kaimati na sharubati ikamrudishia mara mbili. Ibada ina nia yake na siichanganyi na dawa. Nataja jambo moja tu: dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa na msafiri. Inashangaza kwamba mtu wa kwenye video haitoi ruhusa hiyo.

Sasa swali la nafasi ya kukosea. Kwa kijana mzima, kuacha kula baada ya magharibi hadi asubuhi ni salama na nafasi ni pana. Kwa anayechoma insulini au kumeza vidonge vya sukari kama glibenclamide, nafasi ni nyembamba mno, kwa sababu dawa inaendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Unaanza na jasho na kutetemeka, unaingia kuchanganyikiwa, unaishia kuzimia. Vidonge vya presha vinavyokojoza, pamoja na siku ya kutokunywa au kutokula, vinaweza kumwangusha mtu anapoinuka kitandani. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua, mtu mwembamba, mzee ambaye misuli yake inapungua, na aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula: hawa njia hii si yao.

Na njaa isiitwe kufunga. Katika baridi ya mwaka 1944 hadi 1945 sehemu ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali ya vita. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule, walipokuwa watu wazima, walionekana kuwa na shida zaidi ya sukari. Msukosuko wenye faida una mwisho unaoujua na chakula kinachokusubiri. Anayelala njaa kwa kukosa hana kimojawapo, naye anastahili chakula, si mahubiri ya homesisi.

Joto

Ushahidi wa joto unatoka Finland, nchi ambayo sauna ni kama kwetu kibaraza. Jari Laukkanen na wenzake waliwafuatilia wanaume 2,315 wa mashariki mwa Finland, wa umri wa miaka 42 hadi 60 walipoanza, kwa miaka kama 20. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 40 wakilinganishwa na walioingia mara moja. Joto la wastani lilikuwa karibu nyuzi 79. Namba inavutia sana. Lakini mtu mgonjwa haingii sauna kila siku, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo yawezekana ilitokana na afya waliyokuwa nayo tangu mwanzo, hata baada ya watafiti kujaribu kuiondoa kwa hesabu.

Kwetu sauna ziko kwenye hoteli na baadhi ya vituo vya mazoezi, na si za bei ya kila siku. Watu wa pwani hawakuwa wageni wa bafu za joto. Bafu za Hamamni za Unguja, zilizojengwa zama za Sultani Barghash, zipo hadi leo kwa kutazamwa. Kujifukiza chini ya blanketi si sauna. Hapo unavuta mvuke wa sufuria iliyo karibu na uso, mwili hauchemki kwa namna ile, na hatari ya kumwagikiwa ni ya kweli.

Wala kushinda juani si sauna. Wakata miwa wa Nicaragua na El Salvador, wanaofanya kazi nzito kwenye joto kali siku baada ya siku bila kivuli wala maji ya kutosha, wameugua figo kwa wingi wa kutisha, vijana kabisa. Joto lilikuwepo, kilichokosekana ni mapumziko. Ukiwaajiri watu shambani au kwenye ujenzi, wape kivuli na maji.

Anayeweza kuipata sauna aanze na dakika 5 hadi 10, anywe maji, asinywe pombe kabisa, na ainuke polepole. Mjamzito, aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni na anayetumia dawa za presha waulize daktari kwanza.

Baridi

Baridi ndiyo inayopigiwa debe kwa sauti kubwa huku ikiwa na ushahidi mdogo. Mwaka 2016 Uholanzi walichapisha jaribio la watu zaidi ya 3,000 waliomalizia kuoga kwa sekunde 30, 60 au 90 za maji ya nyuzi 10 hadi 12. Kukosa kazi kwa ugonjwa kulipungua kwa asilimia 29. Idadi ya siku walizojisikia wagonjwa haikupungua. Yaani walienda kazini wakiwa wanaumwa vilevile. Hakuna utafiti kwa binadamu uliopima vifo. Nzi na minyoo huishi zaidi kwenye ubaridi, lakini hao miili yao hufuata joto la mahali walipo, sisi sivyo.

Kuna jambo lililomgusa mdogo wangu moja kwa moja. Mwaka 2015 watafiti wa Australia waliwanyanyuisha vyuma wanaume kwa wiki 12. Waliozama kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 baada ya kila zoezi walijenga misuli kidogo kuliko waliopoa kwa kupiga baiskeli taratibu. Yowe tena, limezimwa mapema.

Nafasi ya kukosea ni nyembamba. Mwili ukizamishwa ghafla kwenye maji ya barafu, mtu huvuta pumzi bila kutaka, presha inapanda, na moyo unaweza kupoteza mwendo wake. Kwa mwenye presha hii si kero ndogo. Kwa anayeishi Dar es Salaam au Mombasa, maji ya bomba hayafiki ubaridi huo hata Julai. Ni ya Lushoto au Limuru alfajiri ndiyo yatakayokushtua.

Mboga chungu

Mimea haiwezi kukimbia, hivyo hutengeneza kemikali za kuwafukuza wadudu. Sisi tukila kidogo, seli zetu hushtuka kidogo na kufungua jeni za ulinzi. Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliipata kemikali ya namna hiyo kwenye brokoli, iitwayo salforafani. Ndugu wa brokoli tunaye jikoni: sukuma wiki na kabichi ni wa jamii hiyohiyo. Kemikali hiyo huzaliwa jani likikatwa, na mapishi ya muda mrefu huipunguza. Kata mboga, iache kidogo, kisha ipike kwa muda mfupi. Inagharimu uangalifu tu. Hakuna aliyethibitisha kwamba sukuma wiki inaongeza miaka, lakini chakula chenye mboga nyingi kina sifa nzuri tayari, na nafasi ya kukosea ni pana kama uwanja.

Ila si kila uchungu ni rafiki. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri una sumu ya sianidi. Ugonjwa wa konzo, ambao jina lake katika lugha ya Kiyaka ya Kongo maana yake ni miguu iliyofungwa, umewapoozesha watu miguu Kongo, Msumbiji, na Tarime hapa Tanzania miaka ya 1980, hasa ukame ulipowalazimisha kufupisha siku za kuuandaa. Uchungu wa kitu usichokijua usiupime kwa ulimi.

Kuhusu vidonge vya resveratroli vinavyouzwa kwa hoja kwamba viko kwenye zabibu: maabara tatu za Marekani zilizofanya kazi pamoja chini ya mpango wa serikali wa kupima dawa za uzee ziliwapa panya, nao hawakuishi zaidi. Fedha hiyo nunua mboga.

Niliyoyaacha nje

Pombe kidogo na mionzi midogo zimewahi kutetewa kwa hoja hii hii. Austria, huko Gastein, watu hulipia kuvuta hewa yenye radoni, gesi inayotoa mionzi, ndani ya handaki. Radoni ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Kuhusu pombe, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi kilicho salama kwa afya. Sizipi nafasi kwenye ulinganisho.

Mmoja kwa mmoja

Kutembea na kufunga: kutembea kunashinda kwa ushahidi wa binadamu, kunajenga msuli na mfupa ambao kufunga kunaweza kuupunguza, na hakugongani na vidonge kwa ukali uleule. Kufunga kunashinda kwa jambo moja, mtu mwenye uzito mwingi asiyeweza kujizuia usiku anapata mpaka ulio rahisi kuufuata. Akivichanganya, aanze na kutembea miezi miwili.

Sauna na maji baridi: ukiwa na pesa ya kimoja, chagua sauna. Kama huna, hujapungukiwa sana. Kutembea kwa kasi hadi jasho litoke kunapandisha joto la mwili pia, bure.

Kufunga kwa muda wa saa 12 za usiku na kufunga siku tatu: ya kwanza babu zetu waliiita kulala. Ya pili usiifanye bila daktari, hata uwe mzima.

Nilikwenda kwa mama mdogo Jumamosi. Tukatembea wote hadi sokoni na kurudi, dakika 25, akasimama mara mbili. Sasa anatembea siku tano kwa wiki, Jumatano na Jumapili anapumzika, na mboga anaikata kabla ya kuosha vyombo ili ipate muda wa kukaa. Mdogo wangu ameacha vidonge vya vitamini, na maji baridi ameyahamishia siku asizonyanyua vyuma.

"Na kufunga je, mwanangu?" mama mdogo aliniuliza nikiwa mlangoni. Tukaliandika swali hilo kwenye karatasi pamoja na majina ya vidonge vyake vyote na saa anazovimeza. Karatasi iko ndani ya daftari lake la kliniki, na miadi ni tarehe 14.